Milioni 9 au milioni 65: hesabu mbili za hadithi moja

Hadithi yenyewe ni hii: mjane wa Kikwajuni, mtaa wa hapa mjini Unguja, wanawe watatu, na nyumba ya urithi ambayo mmoja wao anataka iuzwe. Hakuna ngumi, hakuna gari la kupinduka, hakuna jini. Watu wamekaa sebuleni wanatoleana maneno yaliyofichwa miaka ishirini. Filamu kama hii unaweza kuipiga kwa siku 7 ndani ya nyumba moja, ukamrudishia mwenye kamera kamera yake. Unaweza pia kuipiga kwa siku 20, ukaanzia Mji Mkongwe, ukavuka kwenda kwenye mikarafuu ya Pemba, ukamalizia gatini Mkoani anaposhuka yule mtoto aliyesusa.

Mtoto wa kaka yangu aliniletea hesabu zote mbili kwenye karatasi moja, moja kushoto na moja kulia. "Ami, nishike ipi?" Aliniuliza mimi kwa sababu nimekuwa mshika fedha wa vikundi vya maigizo hapa Unguja tangu filamu zinauzwa kwa sidii Darajani, na nina orodha ya watu ambao hawajalipwa mpaka leo. Hesabu zake nimezisafisha kidogo. Bei ni za mfano, kila mtu ataweka zake kwa mapatano yake, lakini ukubwa wa kila fungu ukilinganisha na jingine hauko mbali na ninavyouona kila mwaka.

| Fungu | Nyumba moja, siku 7 | Visiwa viwili, siku 20 |
|---|---|---|
| Waigizaji | 1,800,000 | 12,000,000 |
| Kamera, taa, sauti na mafundi wake | 2,700,000 | 19,000,000 |
| Chakula, usafiri, malazi | 1,800,000 | 15,000,000 |
| Uhariri, rangi, sauti ya mwisho, muziki | 1,400,000 | 9,000,000 |
| Vibali, nyumba, mavazi | 700,000 | 5,000,000 |
| Matangazo, maonyesho, ada za matamasha | 600,000 | 5,000,000 |
| Jumla | 9,000,000 | 65,000,000 |

Vijana wote wanakimbilia mstari wa kamera. Mimi naanza na chakula. Watu 16 kwa shilingi 12,000 kwa siku, siku 7, ni 1,344,000, na hapo bado hujamtuma mtu kwa bodaboda. Upande wa kulia, watu 34 kwa 15,000, siku 20, ni 10,200,000. Wali na mchuzi peke yake umeizidi filamu nzima ya upande wa kushoto! Mtu hajaigiza bado, kala tu.

Na hatari iliyomo kwenye mstari huo ni siku ya ziada. Filamu ya nyumba moja ikizidi siku moja, mafundi, chakula na usafiri vinakula laki 6 na ushee. Ile kubwa ikizidi siku moja ni kama milioni 1.7. Siku hiyo haitoki mbinguni. Inatoka kwenye mvua ya masika, baina ya Machi na Mei, kwa mtu aliyepanga kupiga Aprili kwa sababu nyumba za wageni zinapunguza bei. Inatoka kwenye umeme. Inatoka kwenye mwigizaji ambaye ana harusi Bububu na hakusema.

Inatoka pia kwenye sauti, na hapa Mji Mkongwe unakuadhibu. Misikiti iko karibu karibu, adhana moja haijamalizika ya pili imeshaanza, na hakuna wa kumwambia muadhini angoje. Ukisimama mara tano kwa siku, ukiweka na nusu saa ya watu kuswali na kurudi, saa za kazi zinazobaki ni chache kuliko ulizoziandika. Kuna pikipiki za vichochoroni, kuna watalii wanaoitazama lenzi, kuna mtoto anayepiga mbio kumwita mwenzake aje atazame. Mwongozaji wa kikundi kimoja niliyewahi kumfanyia hesabu aliamua kuirekodi upya sauti yote baadaye. Ilitoka safi lakini haikuwa ya watu wale, na gharama yake ilimeza pesa ya muziki. Nyumba ya Kikwajuni unaweza kufunga madirisha na kuzima pangaboi. Watu watatokwa jasho, sawa, lakini maneno yatasikika, na filamu ya maneno isiposikika imekwisha.

Vibali havina tofauti kubwa ya ugumu, vina tofauti ya idadi. Kote kuwili utakwenda Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, na filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa kwa watu. Ukitoka nje ya nyumba ukaingia Mji Mkongwe, ambao umo kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 2000, kuna mamlaka ya hifadhi. Ukitaka kurusha droni juu ya mapaa, hiyo ni safari nyingine, mpaka mamlaka ya usafiri wa anga. Na ukienda kuionyesha bara, Bodi ya Filamu Tanzania nayo ina kibali chake, cha Zanzibar hakikutoshi. Sajili hakimiliki COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, mapema, na mwandishi wa skripti akutilie saini kabla hujapiga picha ya kwanza. Baada ya hapo atakuwa na bei mpya.

Sasa tuje kwenye pesa kurudi, ambako ndiko karatasi ya mtoto wa kaka ilikuwa nyeupe. Kote kuwili kaandika neno moja tu: "mauzo".

Mlango wa kwanza ni kiingilio cha ukumbi wa sinema wa kweli. Wazee wa hapa wanapafahamu Majestic pale Vuga, jumba lililojengwa upya 1955 baada ya lile la mwanzo, Royal la 1921, kuungua. Wanaikumbuka na Cine Afrique, na foleni za sikukuu, na watu walionunua tiketi wakaiuza nje kwa bei ya kuruka. Zama hizo mtu alivaa nguo mpya kwenda kutazama filamu ya Kihindi. Leo filamu ya kwetu inayotaka kumbi nyingi zenye viti vya kuegemea na mtambo wa kisasa inavuka bahari kwenda Dar es Salaam, na huko hesabu ya mlangoni inakwenda hivi.

Chukua tiketi ya shilingi 10,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya bara, asilimia 18, imo humo humo: inabaki 8,475. Mwenye ukumbi anachukua kama nusu, ndiyo ada ya duniani kote hiyo, Marekani pia ni karibu nusu: inabaki 4,237. Ukiwa na msambazaji anayekuzungukia kumbi na kukutangazia, mpe asilimia 20: inabaki 3,390. Hicho ndicho chako katika kila tiketi ya elfu kumi. Ukisikia filamu imeingiza milioni 100 mlangoni, mtayarishaji aone 34, na bado hajalipa madeni.

Kwa bei hiyo filamu ya milioni 65 inataka watu 19,174 ili irudi sifuri. Ukumbi wa viti 200 ujae mara 96. Filamu ya milioni 9 inataka watu 2,655, ukumbi huo ujae mara 13 na kidogo, jambo ambalo linawezekana. Lakini kuna kikwazo ambacho hakimo kwenye kugawanya: kumbi hizo zinataka nakala maalumu ya sinema na sauti iliyopangwa kwa spika za pande zote. Filamu ya kushoto haikuwekewa pesa hiyo. Ikiingia pale, itaonekana kama ilivyo, ndogo, na itawekwa saa nane mchana Jumanne.

Watu hunitolea mfano wa Moonlight ya Marekani. Ni mfano mzuri kama utaumaliza. Ilitengenezwa kwa kati ya dola milioni 1.5 na milioni 4, kutegemea anayehesabu, ikaingiza kiasi cha dola milioni 65 duniani. Oktoba 2016 ilifunguliwa kwenye kumbi 4 tu, ikapata dola 402,075 siku tatu za mwanzo, zaidi ya laki moja ya dola kwa kila ukumbi. Kumbi zikaongezwa kidogo kidogo, na baada ya kutwaa Oscar ya filamu bora Februari 2017 zikafika zaidi ya 1,500. Kinachosahauliwa ni kwamba nyuma yake palikuwa na kampuni iliyokuwa tayari kutia pesa ya matangazo kwa miezi mitano. Kwetu sisi funzo limo kwenye zile kumbi 4: pachache, pajae, habari itembee. Ukifungua pengi patupu, viti vitupu vinapigwa picha na vinazunguka mitandaoni kabla hujala chakula cha usiku.

Mlango wa pili ndio ninaoupenda mimi, na nakiri napendelea: maonyesho ya kukodi ukumbi wenyewe wakati wa sikukuu. Sikukuu zetu za Idi ni siku nne, mosi mpaka nne, watu wana pesa mfukoni, watoto wana pesa za mkono, kina mama wamevaa na hawana pa kwenda zaidi ya viwanjani. Kodi ukumbi wa watu 300, kiingilio 3,000, maonyesho mawili kwa siku: moja baada ya alasiri, moja baada ya isha. Usijaribu kulibana magharibi, hawaji. Tuseme hujazi, unapata watu 180 kila onyesho. Siku tatu, maonyesho sita, ni 3,240,000. Toa ukumbi, projekta, jenereta, walinzi na mashine ya tiketi, 250,000 kila siku, unabakiwa na 2,490,000. Hakuna wa kugawana naye nusu.

Wateja wa mchezo huu wa nyumba ya urithi ni wanawake, tusidanganyane. Ni wale wale wanaojaza taarabu. Kwa hiyo angalia vitu ambavyo mwongozaji haviangalii: choo kisafi, mlango wenye taa, viti vya kina mama vilivyopangwa wakakaa kwa raha, na onyesho kumalizika kabla daladala hazijaisha. Tuliwahi kumaliza saa sita kasoro usiku. Kesho yake ukumbi ulikuwa nusu, na hakuna aliyesema filamu mbaya, walisema "tutarudije?"

Baadaye unavuka Pemba, Chake siku moja na Wete siku moja. Maonyesho manne, watu 150, kiingilio 2,000: 1,200,000. Meli, malazi na mashine zitakula kama 700,000. Unarudi na nusu milioni, ambayo ni pesa ndogo kwa uchovu ule, lakini filamu yenye Mpemba ndani yake isiyoonyeshwa Pemba utasemwa mpaka uzeeni. Kwa jumla hiyo ni 2,990,000, theluthi moja ya bajeti ya kushoto imeshalala mfukoni. Kwa bajeti ya kulia ni tone: haijafikia hata asilimia 5.

YouTube ndiyo mlango ambao kila mtu anadhani uko wazi. Kwanza kituo chako kiwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndipo mgao kamili wa matangazo uanze. Katika pesa ya matangazo kwenye video ndefu, wewe unachukua asilimia 55. Malipo hayatoki mpaka yafike dola 100. Bei ya tangazo inafuata mtazamaji yuko wapi: wa Mwanakwerekwe analeta senti, wa London analeta zaidi. Weka dola kwa shilingi 2,500 na mgao wako nusu dola kwa kila mara elfu moja za kutazamwa. Ile 6,010,000 iliyobaki kwenye bajeti ya kushoto itataka kutazamwa mara 4,808,000. Weka dola 2 kwa elfu, kama nusu ya watazamaji wako ni ndugu zetu wa Maskati, Uingereza na Copenhagen, na idadi inashuka mpaka milioni 1.2. Ndiyo maana nasema tafsiri ya maandishi chini ya picha ni matumizi ya lazima hata kwa filamu ndogo: watoto waliozaliwa huko wanaelewa maneno ya bibi nusu nusu. Kwa watazamaji walioko Marekani kuna kodi ya asilimia 30 inakatwa huko huko kabla pesa haijakufikia. Na ujaze ile fomu ya kodi, usipoijaza unaweza kukatwa hata kwa wasiokuwa Wamarekani.

Filamu ya milioni 65 kuirudisha kwa YouTube peke yake, kwa nusu dola, ni kutazamwa mara milioni 52. Sina la kuongeza hapo.

Jambo moja kwa wa kushoto: filamu ya dakika 90 ukiikata vipande sita vyenye mwisho wa kuning'iniza, mtazamaji mmoja anakuhesabia mara sita. Tamthilia inalipa zaidi ya filamu kwenye simu. Mwongozaji atalia, mwache alie.

Televisheni. Kuna Sinema Zetu ya Azam, kuna Maisha Magic Bongo, kuna shirika letu la ZBC. Bei ni mapatano, kwa hiyo sitaweka tarakimu. Lakini soma mkataba mambo matatu: miaka mingapi, nchi zipi, na peke yao au la. Sisi tuliwahi kuuza filamu kwa mnunuzi mmoja, nami nilikuwepo mezani, nikafurahia tarakimu bila ya kusoma ukurasa wa tatu. Neno lilikuwa "daima". Mpaka leo inarushwa Ramadhani na hatupati hata ndizi ya futari. Ukiuza haki ya miaka miwili kwa nusu ya bei hiyo, mwaka wa tatu una filamu tena. Kwa bajeti ya kushoto, mauzo moja mazuri ya televisheni yanaweza kuziba pengo lote lililobaki baada ya sikukuu. Kwa ya kulia yataziba chumba kimoja katika nyumba nzima.

Matamasha yenyewe hayalipi, na wengi wanadhani yanalipa. ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar lililoonyesha filamu kwa mara ya kwanza 1998, linakupa Ngome Kongwe usiku, ukuta wa mawe, watu wa nje na wa ndani wamekaa pamoja. Ni heshima, na hapo ndipo unapokutana na mnunuzi. Ada za kuomba nje zinaumiza: matamasha 15 kwa wastani wa dola 40 ni dola 600, milioni 1.5, kabla hujajibiwa na hata moja. Lakini bila ya matamasha upande wa kulia hauna maana yoyote. Filamu ya visiwa viwili inatengenezwa ili ivuke: Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, hadithi ya Unguja ya miaka ya 1950, ilifika Toronto 2021. Safari kama hiyo inabebwa na mifuko ya ruzuku, kama Hubert Bals ya Rotterdam au World Cinema Fund ya Berlin, na washirika wa nje. Haibebwi na gari la baba lililouzwa.

Mpangilio wa milango hii nao una sheria yake, na ukiikosea hairudi. Matamasha mengi yanataka filamu ambayo haijaonekana. Televisheni inashusha bei ikiikuta YouTube. Na ukiionyesha ukumbini baada ya kuipandisha mtandaoni, vijana wanakuja na flashi badala ya kiingilio. Basi tamasha, kisha ukumbi, kisha televisheni, mwisho YouTube. Filamu ya kulia inakaa mwaka mmoja na nusu kwenye njia hiyo, na muda wote huo mkopo unahesabu. Ya kushoto inaweza kuruka tamasha, ikapigwa Juni upepo wa kusi ukiwa mkavu, ikahaririwa, ikangoja sikukuu. Kumbuka tu kwamba sikukuu inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, usifanye kalenda ya mwaka jana.

Basi mimi ningemwambia nani ashike ipi? Mwenye ruzuku iliyokwisha kusainiwa, angalau theluthi mbili ya ile 65, na mtu wa kumfungulia milango ya nje, ashike ya kulia na asiipunguze, kwa sababu filamu ya milioni 65 iliyopigwa kwa 40 inaonekana ya 9. Asiyekuwa na hicho ashike ya kushoto. Ila ningemtaka ahamishe laki 3: aziondoe kwenye siku za kamera ya pili na azitie kwenye sauti. Kamera ya pili kwenye sebule ya mita nne inapiga picha za kamera ya kwanza.

Mtoto wa kaka alikubali kila kitu isipokuwa gati ya Mkoani. Alitaka ile picha ya mwisho, kijana anashuka melini. Nikampigia hesabu: tiketi za watu kumi kwenda na kurudi, malazi, siku mbili za mafundi, kibali cha bandarini. Ilikaribia milioni 2. Nikamuuliza mama yuko wapi wakati huo. Akasema yuko nyumbani, kitandani, hajalala. Nikamwambia basi meli ya usiku ya Pemba inapoondoka bandari yetu ya Malindi honi yake inafika Kikwajuni, mwache mama aisikie, wewe kaa na uso wake.

Alinyamaza muda. Kisha akauliza kama honi ile ina mwenyewe wa kulipwa. Karatasi ameondoka nayo, upande wa kulia ameupiga mstari, kwa penseli.